Sanduku la Bwana Afya

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kujaza nafasi ambayo ilipaswa kubaki tupu.

Nilikuwa na wiki ya tatu katika ofisi ndogo ya afya ya umma, kando ya barabara ya Awendo, pale malori ya miwa yanapopunguza mwendo na watoto wakachomoa mua mmoja mmoja kwa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha rejista za zamani kutoka vitabuni hadi kwenye kompyuta, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Cheti cha kompyuta sikuwa nacho. Nilijifunza mwenyewe kwenye saiba moja ya Migori, duka la intaneti, kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu waliolipia, kwa hiyo kila asubuhi niliingia kazini nikiogopa kugunduliwa. Mtu anayeogopa kugunduliwa hufanya kazi safi kupita kiasi.

Siku hiyo kompyuta ilinionyesha mstari mmoja wenye safu ya mwisho tupu. Safu yenyewe iliitwa "Hali ya taka", na kisanduku chake kiliwaka chekundu. Mistari mingine yote ilikuwa imejaa. Sindano zilizotumika: zimeondolewa. Dawa zilizopitwa na muda: zimeondolewa. Ule wekundu ulinikera kama doa kwenye shati la kanisani. Nikaandika "limeondolewa", nikabonyeza tuma, nikaenda kula chapati kwa amani ambayo sijaionja tena.

Kitu nilichokiondoa kwa kidole kilikuwa sanduku la njano lenye mionzi. Lilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye kiti changu, ndani ya stoo namba nne. Aliyelilinda alikuwa mtu ambaye ofisi nzima, soko zima na hata mke wake walimwita Bwana Afya.

Huku kwetu Bwana Afya ni afisa anayekagua vyoo na majiko. Huyu wetu alikuwa mrefu, amepinda kidogo shingoni kwa sababu ya kuinamia mashimo ya watu kwa miaka mingi. Alivaa gamubuti kiangazi na masika, na gamubuti hizo alizipaka rangi ya viatu zikang'aa. Mfukoni alibeba futi ya kupimia. Alipima umbali kutoka choo hadi kisima, kutoka jiko hadi pipa la taka, na mara moja kwenye mazishi nilimwona akipima kutoka sufuria ya nyama hadi mahali mbwa walipolala. Alisogeza sufuria.

Hakunywa chai ya hoteli yoyote. Ukimkaribisha alisema tu, "Nimeona jikoni," na wewe ukashusha kikombe chako polepole. Alikuja na thamosi yake, akaifungua saa nne kamili, akanywa akiwa amesimama. Alifunga hoteli tatu mjini kwa kukosa mlango wa choo. Lakini choo chake mwenyewe, kule Magunga alikojenga, kilikuwa na gunia mahali pa mlango. Nililiona kwa macho yangu. Nilipolitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu, alisema, "Nyumbani hakuna mkaguzi."

Sanduku lilimfikia kwa sababu ya barabara. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa na chombo kinachowekwa juu ya udongo ulioshindiliwa, kikatuma mionzi chini, kikasema kama udongo umeshikana sawasawa. Kampuni iliondoka ghafla, kama zinavyoondoka. Ikaacha daraja ambalo upande mmoja halikuwa na barabara, na chombo hicho ndani ya sanduku lake. Msimamizi alilileta kwenye pikapu.

"Jaduong', tuwekee siku mbili tu," alimwambia. Jaduong' ni jina la heshima tunalompa mzee.

Bwana Afya alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko, mwanzo hadi mwisho. Alipoinua macho, pikapu ilikuwa imeshaingia barabarani.

Stoo namba nne wakati huo ilijaa vyandarua vilivyosubiri kugawiwa tangu mvua ya mwaka uliopita. Kwa kuwa hakutaka chochote cha watu kikae karibu na sanduku, vyandarua vyote viligawiwa kwa siku mbili, hadi kisiwani Remba. Wakubwa walimwandikia barua ya pongezi kwa kasi ile. Hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Kisha akalisukuma sanduku hadi kona ya mbali, akachora mstari mweupe sakafuni, akafunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe, kwa sababu ombi lake la kufuli la serikali lilikuwa bado linashughulikiwa. Nilipoajiriwa lilikuwa bado linashughulikiwa. Naamini linashughulikiwa hadi sasa.

Alikuwa na kanuni ya maneno matatu aliyoitoa kwenye ile karatasi ya kifuniko: muda, umbali, kizuizi. Kaa karibu kwa muda mfupi, simama mbali, weka kitu katikati. Aliitumia kwa sanduku, na kwa wakwe zake, na kwa wanasiasa. Mheshimiwa fulani alipokuja ofisini kutangaza kwamba sanduku hilo ni mwanzo wa kiwanda kitakachowapa vijana kazi, Bwana Afya alimsalimia dakika moja, kutoka upande wa pili wa meza, akiwa ameshika faili kifuani.

Jumamosi alikuwa Msabato kamili. Huwezi kumpigia simu, huwezi kumtuma, hata moto hakuuwasha. Lakini baada ya ibada alipitia stoo, akafungua, akatazama kutoka mlangoni, akafunga. Nilimuuliza kama hiyo si kazi.

"Kuangalia si kazi," alisema. "Hata Mungu siku ya saba alikuwa anaangalia."

Sasa nisimulie uongo wake, kwa sababu alisema mmoja tu nilioushuhudia, na kwa miaka mitatu uliniumiza kuliko wangu mwenyewe.

Vijana wawili wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mkokoteni. Mmoja alichungulia kwenye ufa wa mlango wa stoo.

"Jaduong', hiyo boksi ya njano ni chuma?"

"Ni mionzi."

"Mionzi inauzwa shilingi ngapi kwa kilo?"

"Haiuzwi. Unaona hiyo alama? Hiyo ni hatari."

"Hiyo ni feni," yule wa pili akasema. Na kweli, ukiiangalia haraka, ile alama ni feni yenye mapanga matatu. Mtaani watu walishaamini kwamba Bwana Afya amefungia feni ya ofisi ili aende nayo akistaafu.

"Si feni, nyathina, mtoto wangu. Ni hatari. Nimeandika hapo kwa Kiswahili, kwa Dholuo na kwa Kikuria."

"Omera, ndugu, hata transfoma huandikwa hatari," kijana akasema, na mwenzake akamkanyaga mguu asiseme zaidi.

Bwana Afya alitazama mkokoteni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndani kuna sampuli za choo. Za wagonjwa wa kipindupindu."

Mkokoteni uligeuzwa hapo hapo. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo!" mmoja alipaza sauti akiwa tayari barabarani, akijipangusa mikono kwenye suruali ingawa hakuwa amegusa kitu.

Mimi nilicheka. Yeye aliingia ofisini, akachukua daftari la stoo namba nne, akaandika kwa mkono wake: "Saa nane na robo. Wanunuzi wawili wa vyuma. Nimewadanganya kuhusu yaliyomo, ili waondoke." Akaweka sahihi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mimi niliyeandika neno moja la uongo bila sahihi.

Mtu atauliza kwa nini sikufuta tu. Nilijaribu siku ile ile ya chapati, nilipogundua kwamba sanduku bado lipo. Mfumo ulikataa. Ukishatuma, mstari unajifunga, na kuufungua kunahitaji barua ya maelezo iliyotiwa sahihi na aliyekosea, nakala kwa mkuu wake. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki kama kumi. Nikajiambia nitaandika ukiongezwa. Ukaongezwa, nikajiambia ukiongezwa tena. Barua yenyewe niliiandika mara nyingi, na kila mara nikaona sentensi moja haijakaa vizuri. Ndivyo nilivyo. Naweza kuchelewesha toba kwa ajili ya koma.

Wakati huo Bwana Afya alikuwa akiiandikia Nairobi kila baada ya miezi mitatu, akiomba waje wachukue. Aliandika kwa kalamu, mimi nikapiga chapa. Kabla yangu walikuwa wakimjibu kwamba ombi limepokelewa. Baada yangu majibu yalibadilika.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu," alinisomea siku moja, karatasi ameishika mbali kwa sababu ya macho, "taka husika ziliondolewa. Tunakupongeza." Akaishusha. "Wananipongeza kwa nini?"

"Labda wamekosea," nilisema.

"Serikali haikosei. Inachelewa tu kuwa sahihi. Andika: naliona sasa hivi ninapoandika."

Niliandika. Nikamrekebishia herufi kubwa. Wakajibu kwamba kama analiona, aambatishe cheti kinachothibitisha kwamba halijaondolewa, kutoka kwa aliyepaswa kuliondoa. Aliisoma barua hiyo mara mbili akiwa amesimama, na chai ya saa nne ikapoa kwenye kifuniko cha thamosi.

Mwaka wa pili tuliitwa kwenye semina Homa Bay, katika hoteli inayotazama ziwa, tukafundishwe sera ya taifa ya utupaji salama wa taka zenye mionzi za kiwango cha chini. Bango la mlangoni lilikuwa kubwa kuliko mlango. Mtaalamu alikuja na vijana wanne, kwenye gari refu la serikali lenye nafasi nyuma ya kubeba ng'ombe. Alisema sera yetu ni miongoni mwa zilizoandikwa vizuri kabisa. Nilikubaliana naye kimoyomoyo, hata pambizo za kurasa zilinyooka.

Bwana Afya aliinua mkono. "Kiwango cha chini. Chini kuliko nini?"

"Chini kuliko cha juu, mzee."

"Sawa. Na nani atakuja kuchukua?"

"Sera inasema mwenye taka ndiye mwenye jukumu."

"Mwenye taka alienda kwao."

"Basi sera inasema atafutwe."

"Wakati anatafutwa?"

"Taka zihifadhiwe mahali salama na mtu mwenye ujuzi."

"Mimi ni mtu wa vyoo."

Ukumbi ukacheka. Mtaalamu naye alicheka kwa ukarimu. "Sasa umepata semina, mzee. Una ujuzi."

"Na gari la kuchukulia?"

"Gari liko kwenye mchakato."

Sote tuligeuza shingo tukatazama dirishani, gari refu likiwa limeegeshwa pale kivulini. Jioni walipitia ofisini kwetu njiani ili wapige picha na sanduku. Mtaalamu hakushuka. Aliomba sanduku lipigwe picha kutoka garini, kioo kikiwa juu, na Bwana Afya asimame mlangoni pa stoo kuonyesha kwamba pana usalama. Kisha gari likaondoka na bango lake nyuma, nafasi ya ng'ombe ikiwa imebaki. Bwana Afya alipewa fulana. Aliivaa siku za kuzibua vyoo.

Alistaafu mwaka uliofuata. Hakukuwa na wa kumkabidhi stoo namba nne, kwa kuwa kwenye rejista stoo namba nne haikuwa na kitu, na huwezi kumkabidhi mtu kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo aliondoka na ufunguo. Kila mwezi alitoka Magunga kwa nauli yake, akafungua, akatazama, akaandika kwenye daftari, akafunga, akanywa chai ya thamosi, akarudi. Walinzi walidhani ni mzee aliyeshindwa kuachana na kazi. Mpya kati yao alimuuliza mbele yangu, "Mzee, kwani uliacha nini humo?" Nami niliangalia kompyuta kana kwamba kuna jambo la maana kwenye kioo.

Yote haya yangeendelea hivyo, nadhani, hadi mmoja wetu afe, kama ofisi isingepata magari mapya mawili na kukosa pa kuyaegesha.

"Stoo zote kuukuu zinabomolewa Jumatatu," mkuu wetu, ambaye tunamwita Madam, alitangaza Ijumaa. "Vyuma na vikorokoro vyote wanachukua watu wa skrapu, walio na lori. Namba nne haina shida, iko tupu."

"Madam, si tupu," nilisema.

"Nimeangalia rejista. Tupu."

"Kuna sanduku. Lina mionzi."

"Rejista inasema limeondolewa. Nani aliingiza?"

Nilikuwa na nafasi yangu hapo. Ilikuwa imeandaliwa kabisa, kama kiti. Nikasema, "Ni mfumo, Madam."

"Basi ongea na mfumo," akasema, akaendelea na kupanga magari.

Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi sikulala. Niliona lile sanduku likipasuliwa kwa nyundo na vijana wasiojua, kilichomo kikibebwa nyumbani kuchezewa na watoto kwa sababu kinang'aa. Jumapili asubuhi nilipanda pikipiki hadi Magunga.

Nilimkuta uani anaosha gamubuti, ndani ya ile fulana ya sera. Alinipa kiti, akakiweka hatua tatu kutoka chake. Nilimwambia yote mfululizo, tangu kisanduku chekundu hadi lori la Jumatatu. Hata sikupanga sentensi.

Kwa muda aliendelea kusugua soli. Kisha akasema, "Miaka mitatu."

"Ndiyo, jaduong'."

"Barua zile zote ulizipiga chapa wewe."

"Ndiyo."

"Ukaniwekea koma."

Niliinamisha macho kwenye gamubuti.

"Mke wangu aliniuliza kama kichwa changu kiko sawa," alisema. "Eti serikali inasema hakuna kitu, wewe unapanda gari kila mwezi kwenda kuangalia kitu. Nikaanza kujiuliza hata mimi. Kuna siku nilifungua stoo, nikavuka mstari mweupe. Nilivuka, nyathina, mstari niliouchora mwenyewe. Nikaligusa kwa kiganja, ili nijue kwamba lipo."

Alinyoosha kiganja hicho mbele yangu, kikiwa na povu la sabuni. Sijawahi kutazama kitu kwa shida namna ile. Nilisema nisamehe. Aliingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu.

"Andika."

Niliandika juu ya goti. Kwenye mstari wa pili niliharibu neno, nikaomba karatasi nyingine.

"Hapana," alisema kwa ukali ambao wenye hoteli waliujua. "Kata mstari mmoja, tuweze kusoma ulichokosea. Andika neno lililo sahihi pembeni. Endelea."

Nilikata mara nne. Ni karatasi chafu kuliko zote nilizowahi kutia sahihi, na kila nikitaka kuikunja aliitazama mikono yangu.

Jumatatu alfajiri tulikuwa mlangoni pa stoo namba nne, yeye na gamubuti zake zilizong'aa, kabla ya tingatinga na kabla ya lori. Vijana wa skrapu walimtambua. "Huyu ndiye mzee wa kipindupindu," mmoja aliwaambia wenzake, nao wakakaa mbali bila kuombwa. Madam alifika, akasoma barua yangu, akasoma daftari la Bwana Afya kurasa zote, pamoja na ule uongo wa saa nane na robo. Akanitazama mimi. Kisha akapiga simu.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi ofisi zinavyofanya kazi. Ukweli wa Bwana Afya ulikuwa umesafiri miaka mitatu bila kufika, kwa sababu hapakuwa na fomu ya kupokea kitu ambacho hakipo. Kosa langu lilikuwa na fomu yake. Lilipata namba ya faili kabla ya chakula cha mchana, na Alhamisi gari lilikuja. Lilikuwa lile lile refu la semina. Watu wawili wenye glavu walilitoa sanduku kwa muda ambao mtu humaliza kikombe cha chai. Bwana Afya aliwadai stakabadhi, akaisoma mwanzo hadi mwisho, lakini safari hii akiwa amesimama mbele ya gari. Walipoondoka alibaki barabarani hadi gari lilipopotea nyuma ya lori la miwa. Ndipo akafungua daftari, akajaza safu ya mwisho kwa mkono wake. Akachomoa kufuli lake mlangoni, akalitia mfukoni pamoja na futi.

Nilimwona tena baada ya mvua, Magunga. Alinipa chai ya thamosi kwenye kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia mtu. Gunia la chooni lilikuwa limetoka. Palikuwa na mlango wa mabati, na kwenye mlango lile kufuli.

"Jaduong', nani ataiba choo?" nilimuuliza.

"Hakuna," alisema, akatoa ufunguo kwenye msumari wa ukutani, akanipa. "Lakini kikiwa na mtu ndani, ufunguo haupo kwenye msumari. Hutahitaji kuuliza."

Mkataba wangu haukuongezwa. Sasa nafanya kazi kwenye saiba ya Migori, nawajazia watu fomu za serikali. Nikifika kwenye safu ambayo mwenye fomu hajui jibu lake, naiacha tupu.